Harage la Nyongeza

Paskalina,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hujanipa, maana nikisubiri uilete mwenyewe nitazikwa sijaamkiwa. Tulikuwa tunapukuchua mahindi ulipofunga nguo zako kwenye kanga ukaenda Singe kwa shangazi yako Martina, na tangu hapo umekanyaga uwanja wangu mara moja tu. Siku hiyo ulikunywa uji umesimama kama karani wa kodi, ukasema, "Bibi, nawahi," ukaondoka. Unawahi nini? Kutoka Singe mpaka hapa Nangara ni mwendo wa sufuria moja ya maharage: unaiweka motoni, unakwenda, unarudi, bado hayajaiva. Nimekulea tangu mama yako alipofariki ukiwa unatambaa. Nimekubeba mgongoni shambani, ukanikojolea misimu miwili mizima ya palizi, halafu unaninyima miguu yako. Nimekasirika. Nimemwambia mwandishi aliandike hilo kwanza, kabla sijalainika.

Mwandishi utamjua kwa mwandiko. Ni Mwalimu Bura, aliyekufundisha hesabu, na mwandiko huu umezoea kuuona kwa wino mwekundu. Nimemfuata kwake mchana huu. Kiti ni kimoja, nimekikalia mimi, yeye yuko juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ameniuliza, "Mama Martina, katika watu wote wanaojua kuandika hapa Babati, umenichagua mimi?" Ana haki ya kuuliza. Mara ya mwisho mimi na yeye kuongea, nilimwita mlevi wa chaki mbele ya darasa lote. Nimemjibu, "Nimekuchagua kwa sababu na wewe yanakuhusu. Andika." Karatasi nazo zimetoka kwake. Ni zile za mtihani wa majaribio zilizobaki, ndiyo maana nyuma yake kuna maswali. Usiyajibu. Karatasi safi haipatikani, na duka la ushirika siku hizi linauza foleni tu.

Ya sabuni, ya shuka, ya kufunga sanduku na kutoacha viatu nje, shangazi yako amekwisha kuyasema, nami namjua, atayasema tena mpaka basi liwashwe. Mimi sina ya namna hiyo. Kesho asubuhi nitakuja stendi kukuona ukiondoka, lakini pale usitegemee maneno kutoka kwangu. Mbele ya watu mdomo wangu unajua kugomba tu. Nitakukaripia kwa sababu ya kamba ya sanduku, nitamkaripia kondakta, nitarudi nyumbani. Kwa hiyo haya nayasema leo, jua likiwa bado juu. Mwalimu atakupa barua mkononi. Usiisome mpaka basi livuke Bonga, kama litakuwa na dizeli ya kufika huko.

Sasa nisikilize.

Unakumbuka tulivyofanya mazoezi mwaka jana. Madaftari hayakuwepo, kwa hiyo maswali uliyabeba kichwani na mengine kwenye mkono, umejiandika kwa mwiba mistari myeupe kutoka kifundo mpaka kiwiko. Ulikuwa unaingia uwanjani unayasema kwa sauti ili yasipotee, hata kunisalimia hukuweza. Mafuta ya taa nayo hayakuwepo, ikabidi tumalize kabla jua halijazama. Wewe chini, mimi na ungo wa maharage mapajani. Namba iliyoandikwa kwangu mimi ni mguu wa kuku, lakini kuhesabu vitu najua, na hajazaliwa wa kunipunja. Ulisema, "Bibi, nipe mia na ishirini." Nilihesabu kwa Kigorowa, maana kwa Kiswahili nikivuka sitini napotea, nikakumwagia mbele yako. Wewe ulikuwa umekwisha kupata jibu kichwani, umeliandika mavumbini kwa kidole. Kisha ukayagawa maharage kuhakikisha. Tulifanya kugawanya, tulifanya wastani, tulifanya asilimia, ambayo mpaka leo sijui ni kitu gani ila inapenda mia.

Na karibu kila siku maharage yalikukatalia. Uliandika kumi na tano, ukayagawa mafungu manane, kila fungu likapata kumi na tano sawasawa, na harage moja likabaki pembeni. Ulilitazama kama mtu aliyekuja na habari mbaya.

"Bibi, kuna moja limebaki."

"Basi umekosea. Rudia."

Ulirudia. Likabaki tena. Ukaifuta kumi na tano kwa kiganja ukakaa unawaza. Hukuyahesabu yale maharage upya, kwa sababu niliyahesabu mimi, na katika nyumba ile Bibi hakosei. Nilikuwa nimekufundisha hivyo tangu unajifunza kutembea. Tena nilikuwa najivuna. Niliwaambia majirani, "Mtoto wangu hamalizi swali kirahisi, nimemfundisha umakini."

Ukaja mtihani wa majaribio. Maswali hamsini, ukapata tisa.

Nilitoka nyumbani na jembe bado liko mkononi. Niliingia darasani bila kubisha hodi. Unajua niliyoyasema, ulikuwepo, dawati la tatu, umeinamisha kichwa. "Wewe mlevi wa chaki, mtoto huyu anafanya mazoezi kila siku mpaka maharage yanatoka ngozi. Hizo tisa umezitoa wapi?" Mwalimu hakupandisha sauti. Alichukua karatasi yako akaniwekea mbele ya macho, kana kwamba najua kusoma.

"Mama Martina, tazama hapa. Aliandika kumi na tano. Ni sahihi. Halafu ameikata, ameandika kumi na sita. Ameikata na hiyo. Na hapa tena, na hapa. Jibu lipo, liko chini ya mkato. Kuna mtu amemfundisha mtoto huyu kutoamini kichwa chake."

Nikamwambia, "Mtu huyo ni wewe." Watoto wakacheka, nami nikaondoka nimeshinda.

Jioni hiyo ndipo nilipokuambia kwamba kichwa chako ni kibuyu kilichotoboka, na kwamba ukimaliza la saba utachunga mbuzi wa watu. Ulinijibu kwa sauti ndogo, "Bibi, kichwani nazipata. Maharage ndiyo yanakataa." Nami nikasema, "Maharage hayajui kusema uongo." Kesho yake ukaenda Singe.

Wiki hiyo hiyo Mama Elia, jirani yetu, alipata kipande cha sabuni kwa njia anazozijua mwenyewe, akakileta tubadilishane kwa makopo matatu ya maharage. Nikampimia. Kopo la tatu lilipojaa, mkono wangu ukarudi kwenye gunia, ukachota kidogo, ukamwongezea juu. Unajua sisi tulivyo. Anayepima akakomea ukingoni, asikuongezee hata punje, huyo amekufukuza mlangoni kwake. Mama Elia akacheka. "Huo mkono wako, hata ukilala usingizi utatoa nyongeza." Akaenda zake.

Mimi nikabaki nimesimama pale na kopo.

Nikachukua ungo, nikaketi, nikahesabu ishirini. Nilihesabu polepole, kwa sauti, huku nautazama mkono wangu kama unavyomtazama mtu unayemshuku. Ishirini yakatimia. Na mkono, bila mimi kuuambia neno, ukachukua jingine ukalidondosha juu ya rundo. Nikarudia kwa thelathini. Ukadondosha. Kwa hamsini. Ukadondosha. Nilikuwa nakupa nyongeza, mjukuu wangu. Kila rundo, kila siku, miezi yote ile. Midomo inasema mia na ishirini, mkono unatoa mia na ishirini na moja, kwa sababu mkono huu haujui kumpa mtu ninayempenda kitu kilichokomea ukingoni. Na wewe ukawa unakata majibu yako ya kweli kwa ajili ya harage langu moja.

Hapa Mwalimu amesimamisha kalamu. Nayaandika, yaani yeye anayaandika, kama yalivyo.

"Uliyajua haya lini?"

"Wiki ile ile."

"Kabla ya mtihani wenyewe?"

"Kabla. Wiki saba kabla."

"Na mimi ukaniacha na ule ulevi wangu wa chaki?"

"Nilikuacha nao."

Nilidhani ataniambia nitafute mwandishi mwingine, na nilikuwa nimekwisha kushika fimbo yangu. Halafu ameanza kucheka. Amecheka mpaka ndoo imeteleza chini yake. Watoto, amesema, mpaka leo wakimwona kwa mbali wanaita "mlevi" na kukimbia. Nimemwomba radhi, Paskalina. Nimeomba kwa mdomo wangu, siyo kwa kumpelekea mtu mahindi mabichi kama nilivyozoea. Ameniambia, "Mama Martina, nami naomba niweke langu humo." Nimemruhusu. Anasema aliyaona majibu yale sahihi chini ya mikato, akayahesabu kuwa makosa, akakupa tisa, na katika siku zote hakukuita pembeni akuulize kwa nini unakata. Anasema alidhani ni woga tu. Basi, hilo ni lake, tumeliandika, turudi kwenye langu.

Siku ile ile ya kopo nilipaswa kuja Singe. Nilivaa, nikatoka. Nilifika kwenye njia panda, nikasimama, nikaona nitakavyoingia kwa Martina na kusema mbele yenu wawili kwamba kibuyu kilichotoboka kilikuwa kichwa changu. Nikarudi. Badala yake nikamtuma mtoto wa Mama Elia kwa Martina na maneno haya: maharage yameingia wadudu, sina ya kutuma, mtoto afanye hesabu kwa kichwa tu. Martina alishangaa nani amemwuliza habari za maharage. Lakini hesabu zako zikanyooka. Nilitengeneza kosa bila kulikiri, nikajiona mwerevu.

Baada ya mwezi Martina alikuja, akaniambia ulilia siku ile ujumbe ulipofika. Ulisema, "Bibi amenitukana, sasa ananinyima na maharage." Nilisikia hivyo na bado nikanyamaza. Kwa hiyo najua kwa nini ulikunywa uji umesimama. Nimekukaripia mwanzo wa barua hii kwa sababu ndivyo nilivyo, lakini anayepaswa kukaripiwa najua ni nani.

Na siyo mara yangu ya kwanza. Nikuambie jambo ambalo hata Martina hajui. Nyote mnajua mimi sikusoma kwa sababu baba yangu alikataa. Nimeisema hadithi hiyo kwa watoto wangu, kwa katekista, hata kwa yule bwana wa elimu ya watu wazima aliyekuja na ubao wake mweusi, akatikisa kichwa kwa huruma. Si kweli. Baba alinipeleka. Alinishika mkono kutoka kule milimani tulikokaa, mwendo wa asubuhi nzima, mpaka mlango wa shule. Pale mlangoni nikamwona msichana mwenzangu amenyoosha kiganja, anachapwa kwa sababu amekosea kuhesabu. Nikauchomoa mkono wangu, nikakimbia, nikajificha kwenye mtama mpaka jioni. Baba alinitafuta, akanipata, akanipeleka nyumbani, hakunipiga wala hakunilazimisha tena. Nilipokua, nikaona wenzangu wanasoma barua za waume zao na mimi nampelekea katekista zangu anisomee, nikaona aibu. Nikamtwika baba lawama. Alipofariki, watu msibani walisema alikuwa mtu mzuri, tatizo tu alimnyima binti yake shule. Nilikuwa nimeketi hapo, nawasikia. Nikanyamaza, wakamzika hivyo.

Tazama basi. Baba nilimtwika, Mwalimu nilimtwika, na wewe, mtoto wa mgongo wangu, nikakutwika kichwa kibovu ambacho huna. Baba siwezi kumfikia. Mwalimu nimemfikia leo, amekaa kwenye ndoo. Umebaki wewe, na kesho unaondoka. Ndiyo maana sikungoja hiyo kesho.

Unataka kujua nilivyokaa wiki zile saba? Nilikuwa kama mwenye jino linalouma. Kila aliyepita na kusema neno mtihani nilimfokea. Siku yenyewe sikula. Niliufagia uwanja mara nne, mpaka Mama Elia akauliza kama nangoja mchumba. Nilikuwa nawaza swali moja tu: akishika kalamu, akapata jibu, je, ataliacha likae? Sikuwaza utapata ngapi. Niliwaza mkono wako utakata au hautakata. Kama ungefeli, ningejua ni mkono wa nani uliokata, na wewe usingejua maisha yako yote. Ungechunga mbuzi ukiamini ni kichwa chako.

Halafu siku ile Martina akaja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Mama, Paskalina amechaguliwa."

"Kwenda wapi?"

"Sekondari. Dodoma. Bweni."

"Nani amesema?"

"Imebandikwa pale ofisini, jina lake la pili kutoka juu."

"Akina Paskalina ni wengi. Rudi ukasome vizuri."

Alirudi, maskini, jua lote lile. Akaja tena anahema: "Ni yeye, mama, na jina la babu yake limo." Sikupiga vigelegele, aliyekuambia nilipiga amekudanganya. Niliketi chini pale pale kwenye magunzi. Nikacheka kidogo, nikalia kidogo, nikalala usingizi mchana kweupe mpaka mbuzi wakajirudisha wenyewe zizini. Sikuwa nimelala hivyo tangu wakati wa kupukuchua. Furaha ilikuja baadaye. Kwanza ilikuwa kama mtu amenitua mzigo wa kuni kichwani, na shingo bado haijui kwamba imetuliwa.

Mwalimu ameniambia jambo hapa hapa leo, nami nalitaka liwe humu. Anasema alikuwa msimamizi darasani siku ile ya majaribio ya mwisho, yale mliyofanya siku chache kabla ya mtihani wenyewe. Alipita nyuma yako mara tatu. Hukukata hata jibu moja. Ulipomaliza uliweka kalamu chini, ukakalia mikono yako yote miwili. Nimemwuliza, "Alikalia mikono?" Amesema, "Aliikalia, Mama Martina, mpaka nikakusanya karatasi." Kumbe na wewe ulijua mikono ina tabia zake. Ulijifunza peke yako nilichopaswa kukuambia. Nimefurahi na nimeona haya, vyote kwa pamoja.

Huko uendako watakuwepo wajuzi wengi. Watakuwepo wenye miwani, wenye Kiingereza, na wengine watakupenda kweli. Ukiwa na jibu kichwani na mtu akakuambia sivyo, usimgombeze kama ningefanya mimi, wala usilikate kama nilivyokufanya ukate. Hesabu rundo mwenyewe kuanzia la kwanza. Hata kama aliyekumwagia ni mtu aliyekubeba mgongoni. Sisi tunaokupenda tunazidisha, hatujui hata kwamba tunazidisha.

Lakini usije ukawa mkono mkavu. Bwenini ukimpimia mwenzako uji au chumvi, ongeza kidogo juu. Mtihani peke yake ndio unaotaka ukomee ukingoni. Watu hawataki, na wewe ni wa nyumba yangu.

Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, lingali jambo la neno moja. Langu limengoja mpaka limekula karatasi nne za serikali na mchana wote wa mwalimu.

Sasa nimepumua. Mwalimu anasema uso wangu umebadilika. Nimemwambia aandike, asinitazame. Ameniuliza kama nataka anisomee yote tuone kama yako sawa. Nimemwambia hapana, nikisikia nitaanza kupunguza. Nimeweka dole gumba hapo chini kwa wino wake mwekundu. Na Martina nitamwambia habari ya baba yangu mwenyewe, kesho tukitoka stendi, njiani, kabla sijapata nafasi ya kubadili nia.

Likizo ya kwanza ukishuka kwenye basi, usipitie Singe. Njoo hapa moja kwa moja, uketi chini, na unitolee karatasi za hesabu ulizokosa. Ulizopata mpelekee shangazi yako.